Kichwa Chekundu

Mchungaji alisimama kando ya jeneza la Tata, akafuta miwani yake, akasema kwamba kichwa cha boma hili kimeanguka. Watu wakaguna kwa huzuni. Mimi nikauma meno nisicheke. Nilikuwa nimeketi mstari wa mbele na Mama, leso nyeusi ya kuazima begani, macho ya nusu ya watu wa Kebirigo yako juu yangu, na kicheko kimenikwama hapa kooni. Kichwa! Jamani, kichwa gani tena?

Labda ningejizuia vizuri zaidi kama si ule moshi. Nyuma ya migomba vijana walikuwa wanapasua mkaratusi kwa pawasoo, ule msumeno wa injini, kuni za kuwapikia waombolezaji, na upepo ukatuletea ule moshi wa buluu, mtamu mtamu, wa petroli iliyochanganywa na oili. Ninyi wa rika langu mnaujua. Ulipoingia puani nikawa mtoto wa miaka minane, nimejificha nyuma ya ghala la mahindi, nikisikiliza mambo ambayo sikuyaelewa.

Kwanza niwaeleze jambo moja la lugha, la sivyo mtapotea kama nilivyopotea mimi. Kwetu Kisii baba ni tata, na mama ndiye huitwa baba. Ndiyo, hivyo hivyo. Sasa mtoto aliyezoea hivyo, mpeleke shule afundishwe kwamba baba ana ndevu, utamlaumu akichanganyikiwa? Kiswahili kwetu kilikuwa lugha ya darasani, ya kanisani na ya kuzungumza na wageni. Neno ulilijua kwa pale tu ulipolisikia mara ya kwanza. Hapa mama yangu nitamwita Mama ili tusikanganyane, lakini Tata atabaki Tata. Jina la baba simpi.

Tata alikuwa mzee wa kanisa. Alikuwa na suti moja ya kahawia, sauti nzito, na maoni juu ya kila kitu. Shamba hakulima, chai hakuchuma, ila alijua jinsi kila mtu alivyopaswa kulima na kuchuma. Debe tupu haliachi kuvuma, na lile la kwetu lilivuma kutoka Sabato hadi Sabato.

Aliyetulisha ni Mama, na aliyemsaidia Mama ni Chura. Chura ilikuwa pikipiki ya magurudumu manne, yenye tairi nene na mgongo mpana. Mzungu mmoja aliyekuwa akipima udongo wa mashamba ya chai aliitumia kwa miaka kadhaa, na Mama ndiye aliyekuwa akimfulia, kisha akimwendeshea, kisha akiitengeneza ilipoharibika. Siku ya kurudi kwao yule mzungu alimpa Mama ufunguo mkononi. Si Tata. Mama. Jambo hilo Tata hakulimeza mpaka anakufa.

Mlima wetu hakuna gari linaloupanda mvua ikinyesha. Wanawake walikuwa wakibeba majani chai kwa vikapu mgongoni, kamba imekaza kwenye paji la uso, mpaka kituo cha kununulia kule juu. Mama aliwahi kuteleza na kikapu kizima akaumia mgongo, na mganga wa zahanati akamwonya kwamba akiendelea kubeba atakuja kutembea ameinama kabla ya uzee. Ndipo Chura alipokuja. Mama akawa anabeba majani yake na ya majirani kumi, mara tatu kwa asubuhi, ameketi wima kama bibi harusi. Chura akifa, Mama anarudi kwenye kikapu. Hilo nililijua hata mimi mtoto. Tata naye alilijua.

Yeye alijaribu kumwendesha Chura mara moja tu. Alienda hatua kama ishirini akaingia kwenye majani ya jirani miguu juu. Tangu siku hiyo kazi yake ikawa kusimama kando na kuamrisha. "Punguza mafuta! Kata kulia!" Ijumaa jioni alimfuta Chura kwa kitambaa watu wakipita njiani, waone mwenye mashine.

Ijumaa moja kitambaa hakikumtosha. Akachukua spana akaamua kukaza plagi, ile inayokaa juu kabisa ya injini na kutoa cheche. Mama alikuwa ameikaza. Tata akasema mkono wa mwanamke haukazi. Akakaza, akakaza tena, akakaza mpaka nyuzi za tundu inamoingia zikalika, kwa sababu ile ni bati laini, haitaki misuli, inataka akili. Jumapili Mama alipowasha, plagi iliruka kwa kishindo ikapita juu ya paa la jiko. Kuku walitawanyika. Tata akasema, "Vitu vya wazungu havina uvumilivu."

Hapo sasa ndipo lilipoanza hili la kichwa.

Siku hiyo hiyo Mama alimwita Fundi Wafula, aliyekuwa na kibanda sokoni Kebirigo. Si mtu wa kwetu, alitoka Bungoma, na ufundi alijifunzia Mombasa. Basi alizungumza na Mama Kiswahili, tena kile kilichonyooka. Mafundi wetu wengine husema hedi na kumaliza. Yeye alisema kichwa cha silinda, yaani lile bati la juu ya injini linaloshika plagi, na akishaanza habari alibakisha kichwa peke yake. Mimi, ukiacha kichwa cha mwilini, neno hilo nilikuwa nimelisikia jana yake tu, siku ya Sabato, kanisani, Tata mwenyewe akihubiri kwa Kiswahili kwa ajili ya wageni kutoka Nyamira mjini: mume ni kichwa cha nyumba, mke amtii. Alilirudia hata nikalikariri.

Nikiwa nyuma ya ghala nikamsikia Fundi anasema, "Mama Kerubo, sikufichi. Kichwa hiki kimekwisha."

"Hakitengenezeki?" Mama akauliza.

"Utengeneze nini hapo? Hakishiki tena. Utahangaika nacho, mwisho kitakutupa njiani. Tafuta kingine."

"Cha asili nitapata?"

"Cha asili sahau. Siku hizi ni vya kuigiza tu. Lakini vingine ni vizuri, mradi kikuingie sawasawa."

Mama akasema, kwa sauti ya mtu aliyechoka, "Mimi sitaki chenye makuu. Nataka kilichotulia, kinifikishe kila siku."

"Basi Kisii mjini viko viwili. Chukua cha kijivu. Kile chekundu kina nguvu, lakini kina hasira, na hakipatani na mafuta haya yetu ya chupa."

Kumbe! Mama anatafutiwa mume. Wako wawili, wanangoja Kisii mjini, mmoja wa kijivu, nikajua huyo ni mzee mwenye mvi, na mwingine mwekundu, mwenye hasira, asiyekula chakula kilichopikwa kwa mafuta ya chupa. Na Tata wangu amekwisha, hatengenezeki. Nililia nikiwa nimeuma kola ya gauni langu.

Jioni hiyo nikamwendea Tata alipokuwa amekaa na redio yake. Nikamwambia kwa Ekegusii, lugha yetu ya nyumbani, kwa kwikwi, "Tata, Fundi amemwambia Mama umekwisha. Anataka kutafuta mwingine. Anataka aliyetulia, asiye na makuu."

"Fundi alisema nini hasa?"

Nikarudia kwa Kiswahili, neno kwa neno, kichwa hiki kimekwisha, na kile cha kijivu, na chekundu.

Mtu mzima yeyote angecheka. Angenipakata, anionyeshe lile bati kwenye injini, aniambie kichwa chenyewe ni hiki hapa, mama wee, acha kulia. Tata hakucheka wala hakunieleza. Alizima redio akakaa akijitazama mikono. Aliyeharibu kichwa ni yeye, na sasa ameambiwa maneno yote hayo na mtoto, kwamba hakishiki, kwamba mke anataka kisicho na makuu. Aliniacha nilale na machozi yangu. Leo nina watoto wawili, na kila nikikumbuka jioni ile namdharau upya.

Asubuhi akavaa suti. "Mimi ndiye nitakayechagua," akamwambia Mama. "Na Kerubo tutaenda naye." Mama alikuwa na majani ya kuchuma, hakuwa na njia. Akamfungia kile kichwa kibovu kwenye leso ili wakapime, akaandika kitu kwenye kipande cha karatasi, akakikunja, akamtilia mwenyewe kwenye mfuko wa koti. Mimi nilidhani ni barua ya kumrudisha Tata kwao, ingawa kwao ni pale pale. Akili ya mtoto haiulizi.

Duka lilikuwa chini kidogo ya soko la ndizi, limejaa minyororo na tairi mpaka dari. Mwenye duka alikuwa mama mnene, mchangamfu, mgeni wa mji, Kiswahili chake cha Nairobi. Tata akafungua ile leso. Yule mama akageuza lile bati, akaguna, "Aii! Nani alikaza hii hivi?"

"Fundi fulani," Tata akasema.

Akatuwekea viwili kwenye kaunta. Kimoja cha kijivu, cha kawaida, kama sufuria ya kila siku. Kingine chekundu, kinang'aa, mapezi yake marefu ya kupozea yamekatwa kwa ufundi. Nilivitazama. Nikavishika. Vilikuwa baridi. Ndipo nilipoelewa kichwa ni nini, pale pale, mkono wangu juu ya kaunta, na aibu ikanipata. Nilikuwa nimemwambia Tata wangu amekwisha kwa ajili ya kipande cha bati.

Yule mama alivigeuza vyote viwili chali. "Angalia hapa ndani, mzee. Hii ya kijivu chumba chake ni kikubwa, kama ile ya mwanzo. Inabana pole pole. Hii nyekundu chumba ni kadogo, inabana moto kabisa, ndio maana inavuta. Lakini inataka petroli safi ya stesheni. Ukiiwekea hii ya chupa imechanganywa na mafuta ya taa, itagonga ndani kama bisi kwa sufuria, na pistoni itatoboka. Inafanya kazi gani?"

"Inabeba chai."

"Basi chukua ya kijivu. Hii ingine ni ya vijana wa mashindano."

"Lakini ndio iko na nguvu?"

"Nguvu iko. Nimekuambia lakini..."

"Nani alisema mimi siwezi nguvu?" Tata akauliza, na yule mama akamtazama asijue amemkosea nini.

Tata akajipapasa mfukoni. Akapapasa mwingine. Akasema, "Karatasi ya mama yako nimeisahau nyumbani." Kisha akainama mpaka uso wake ukawa karibu na wangu, akaniuliza kwa upole ambao sikuuzoea kwake, "Kerubo, wewe uliwasikia. Walisema gani? Ya kijivu ama nyekundu?"

Nilijua jibu. Naapa nililijua. Lakini nilitazama ule uso, nikaona bado unauma pale nilipouchoma, nikataka kumrudishia kitu. Vilevile macho yake yalikuwa yamekwisha kwenda kwenye kile chekundu. Nikasema, "Nyekundu."

Akanipiga bega kama mwanamume mwenzake. Halafu akanituma nje niangalie kama gari la Kebirigo limejaa. Nilitoka mbio, furaha imenijaa, mjinga mimi.

Tulipofika, Mama alifungua ile leso akakigeuza kile chekundu mkononi. "Nilisema kijivu."

"Kijivu hakikuwepo," Tata akajibu, akanitazama, akakonyeza jicho.

Baadaye akanifuata ghalani. "Umeona nilivyokufichia? Mama yako akijua ni wewe uliyesema nyekundu, itakuwaje? Hii itabaki yetu wawili." Nikamshukuru. Nilimshika mkono kwa mikono yangu yote miwili nikamshukuru.

Fundi Wafula alikifunga akitikisa kichwa, chake mwenyewe. Akamwambia Mama asithubutu petroli ya chupa, na kwa kuwa huku juu kwetu kuna baridi na hewa nyepesi, akikichunga kitavumilia. Na Mama alikichunga. Kwa majuma kadhaa Chura alipanda mlima kama mbuzi, na Tata akavimba. Sokoni walimwita Kichwa Chekundu, naye akadhani wanamsifu. Waswahili wanasema kichwa cha kuku hakistahili kilemba, lakini huyu kuku alishavikwa, na sasa alitaka kutembezwa.

Akatembezwa Marani. Kulikuwa na arusi ya binamu yake, na Tata akatangaza kwamba ndizi za arusi atazipeleka yeye, kwa mashine yake. Mama akakataa. Akasema ni mbali, ni jua, mzigo ni mzito. Tata akamwuliza mbele ya majirani, "Kichwa cha nyumba hii ni nani?" Majirani wakacheka, wale wale waliokuwa wakibebewa majani bure siku za mvua. Mama akapanda. Mikungu nyuma, Tata juu ya mikungu, suti ya kahawia, mkono mmoja hewani akisalimia watu.

Kabla ya kufika Marani mafuta yakapungua. Mama akataka kusimama wamtume mtu mpaka stesheni. Tata akaona watu wa arusi watamtangulia, akanunua chupa mbili kando ya njia akamimina mwenyewe. Mama alinisimulia baadaye kwamba alianza kuisikia injini ikigonga kwenye kilima cha kwanza, ka ka ka ka, akamwambia tusimame, naye akasema endesha. Kwenye kilima cha mwisho Chura alikohoa mara moja akanyamaza. Tata akashuka, akajifuta vumbi, akatwaa mkungu mmoja, akaenda arusini kwa miguu. Mama alibaki na Chura barabarani mpaka lori lilipomvuta.

Fundi alipoifungua injini, pistoni ilikuwa na tundu ambalo kidole changu kiliingia. Alinionyesha. Nilikiingiza kidole nikahisi kingo zake zilizoyeyuka, na nikajua kwamba tundu lile nimelitoboa mimi. Pistoni nyingine ya Chura haikupatikana Kisii wala Nairobi. Wiki iliyofuata Mama alishusha kikapu kutoka darini, akakipangusa masizi, akafunga kamba kwenye paji la uso.

Alibeba mpaka nilipomaliza shule. Mganga wa zahanati alisema kweli, Mama leo anatembea akitazama vidole vyake vya miguu. Na mimi kila nilipomwona akipanda ule mlima nilikuwa najiambia, ni wewe, Kerubo. Tata alijua kulitumia hilo. Nilipotaka kuolewa na mtu asiyempenda, alinikumbusha pole pole, "Mimi nilikufichia." Alipotaka paa jipya, miwani mipya, suti nyingine, hakuhitaji hata kusema, nilileta mwenyewe. Alipougua nilimwogesha. Nilimhudumia kuliko nilivyomhudumia Mama, kwa sababu Mama hakuwa na siri yangu. Watu walinisifu kwa kumpenda Tata. Nilikuwa namlipa anyamaze, na wala sikuona kwamba ndivyo.

Siku ya tatu baada ya mazishi nilifungua sanduku lake la bati, lile alilolifungia kufuli. Juu kulikuwa na vitabu vya nyimbo. Chini, ndani ya kitambaa alichokuwa akimfutia Chura, kulikuwa na kile kichwa chekundu, kimeungua katikati. Ndani ya kile chumba chake kidogo kulikuwa na karatasi iliyokunjwa. Nikaikunjua. Mwandiko wa Mama: "Cha kijivu. Chekundu usichukue hata ukipewa bure." Nikaigeuza. Nyuma yake, kwa kalamu ya mtu mwingine, kwa mwandiko wa haraka wa dukani, kulikuwa na risiti: "Kichwa chekundu, kimoja. Hakirudishwi."

Nilikaa sakafuni. Alikuwa nayo. Alikuwa nayo mfukoni alipojipapasa, alikuwa nayo alipoinamisha uso wake wa upole, na mara tu aliponitoa nje aliitoa, akampa yule mama aandikie risiti.

Mama alikuwa jikoni anamenya ndizi. Nikamwekea karatasi na bati juu ya kigoda. Akaisoma akiwa ameinama vile vile, haikumbidi kuinama zaidi.

"Ni yangu," akasema. "Nilimtilia mfukoni. Lakini si cha kijivu hakikuwepo?"

"Vilikuwepo vyote viwili, Mama. Nilivishika kwa mkono wangu. Aliniambia karatasi ameisahau nyumbani. Akaniuliza mimi. Nikasema nyekundu." Nikaligusa lile bati. "Miaka yote hii alikuwa ananifichia kwako."

"Alikuwa anakufichia nini?"

"Kwamba ni mimi."

Mama aliweka kisu chini. Alijisukuma kwa ukuta mpaka akaweza kunitazama usoni, jambo linalomgharimu. "Wewe mtoto wa miaka minane," akasema. "Na ndiyo sababu ya yale mapaa na yale masuti?"

Nikaitikia kwa kichwa.

Sikumwona akimlilia Tata siku ya mazishi, na hapo pia hakulia. Alichukua lile bati, akalipima mkononi kama mtu anayepima kiazi. Mlango wa jikoni ulikuwa unajibamiza kwa upepo tangu asubuhi. Akaenda nalo pole pole, akalisukuma kwa mguu chini ya mlango, likakaza. Akaujaribu mlango. Haukutikisika.

"Haya," akasema. "Kichwa cha nyumba kimepata kazi." Akarudi kwenye ndizi zake.